Kwani Petro alivua ngege?

Wiki hii yote akili yangu iko Galilaya. Dada mmoja wa Nakuru aliandika kwa grupu yetu ya maombi ya WhatsApp, "Bwana asifiwe wapendwa, nauliza tu, wale samaki 153 wa Yohana 21 walikuwa samaki gani?" na hiyo ilikuwa usiku, watu wanafaa kuwa wamelala, lakini simu haikunyamaza mpaka karibu saa sita.

Grupu yetu ni mchanganyiko, kuna Wakatoliki, Waanglikana, Wasabato, Quakers (kanisa la Friends) wa Vihiga, watu wa Pentekoste, na kuna mama mmoja wa Dunga hapa Kisumu ambaye kwao ni wavuvi tangu babu. Huyo mama huandika Amina tu basi. Sasa siku hiyo alianza kutuma voisi moja baada ya nyingine na hakuna mtu alitaka anyamaze. Mtu alikuwa amesema kule Galilaya kuna samaki huitwa samaki wa Petro na ni tilapia, yaani ndugu wa ngege wetu, na mama akasema aa basi, sasa ile ya Mathayo 17 ya pesa kwa mdomo wa samaki naiona vizuri, juu ngege hubeba mayai na watoto mdomoni, hiyo kila mvuvi anajua, samaki kuwa na kitu mdomoni si ajabu, ajabu ni Yesu kujua ni samaki yupi atakuja kwa ndoana ya Petro. Hiyo sura nimeisikia tangu sande skuli na hakuna mhubiri aliwahi kunionyesha samaki mwenyewe.

Halafu akaingia kwa Luka 5. Sisi wa mjini tukisoma kwamba walifanya kazi usiku kucha bila kupata kitu tunapita haraka tufike kwa muujiza. Mama akasema ngojeni kwanza. Wavuvi wa omena, wale dagaa wa ziwa letu, hutoka na taa jioni, usiku wa giza usio na mwezi ndio mzuri, na wakirudi asubuhi boti tupu kuna deni la mafuta linangoja na kuna watoto nyumbani, na Petro alikuwa ameshafika ufuoni, nyavu zinaoshwa, huyo mtu anataka kulala, halafu seremala anamwambia rudi kwa maji. Na akarudi! Mimi nilisikiza hiyo voisi mara mbili nikaomba nayo.

Mtu akaleta kwamba ziwa la Galilaya ni dogo, urefu ni kama kilomita 21 hivi, lingeingia kwa hili letu la Victoria kama mara 400, na bado dhoruba yake ilitisha wanaume waliozaliwa hapo. Mama akasema maji hayajali ukubwa.

Ndugu mmoja aliandika kwamba haya ni maswali ya kupoteza wakati, tuongee wokovu. Namheshimu sana lakini sikubaliani naye hata kidogo. Hii grupu ilishawahi kubishana kama siku ya ibada ni Jumamosi ama Jumapili mpaka watu wakatoka, mistari inatupwa huku na huku na hakuna mtu anasoma ya mwenzake. Sasa kijana mmoja amemuuliza mzee wetu Msabato kitu tofauti kabisa: mzee, kama Sabato inaanza jua likitua, wale Wasabato wa kaskazini mwa Norway ambako wakati wa kiangazi jua halitui wanafanyaje? Mzee alifurahi mpaka ukasikia kwa sauti. Akasema kwao Kendu Bay, karibu na Gendia ambako misheni yao ilianza 1906, shida hiyo haipo, tuko karibu na ikweta, mwaka mzima jua linatua kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja kasoro, lakini ataulizia ya Norway. Kisha yeye mwenyewe akamgeukia dada wa Vihiga, akataka kujua kwa nini Quakers hawabatizi kwa maji, na dada akaeleza polepole venye nyanya yake alifundishwa Kaimosi, ambako Quakers kutoka Marekani walifika 1902, kwamba ubatizo ni wa Roho, ndani ya mtu. Mzee hakukubali. Akasema asante binti yangu, nimeelewa kwenye mnasimama. Nimekaa makanisani miaka mingi, hayo maneno kati ya madhehebu mawili sijayasikia sana.

Saa hii tumerudi kwa Yohana 21, ile sehemu Petro yuko uchi kwa kazi, anasikia ni Bwana, anajifunga vazi lake ndio anajitupa majini. Nani huvaa nguo ndio aogelee? Pasta mmoja amesema ni heshima, huwezi kusimama hivyo mbele ya Bwana. Mama wa Dunga amesema atawauliza wanaume wakirudi kutoka ziwani.