Siku moja maishani mwangu: kidole kilichozoea 1/125

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Adhana imeshapita, mtaani kwetu South B, Nairobi, bado giza. Lenzi iko mezani nilipoiacha jana, kando ya chupa ya chai: Nikon ya milimita 200 hadi 500, mtumba, niliyouziwa na mpiga picha mwenzangu aliyehamia video. Ina kilo 2.3 ukihesabu na kikamatio cha tripodi. Kesho binamu yangu, dereva wa vani, anapeleka watu wa kanisa lao mbuga ya Amboseli kuona wanyama, na kiti kimoja kimebaki. "Njoo, dada," aliniambia, "lakini usinisimamishe kila ukiona mkia."

Leo ni mazoezi, na naanza na paka. Amelala kwenye kizingiti cha roshani, hatua nne kutoka kwangu. Nabonyeza, na lenzi inakwenda mbele, inarudi nyuma, inanguruma, haishiki kitu. Tena. Hola. Moyo unanienda mbio, kwa sababu pesa za mtumba hazirudi. Dakika kumi za jasho baadaye ndipo nasoma vibonyezo vilivyo ubavuni: kimoja kiko ∞–6. Maana yake lenzi imeambiwa isihangaike na chochote kilicho karibu kuliko mita 6. Ni mpangilio mzuri kwa anayepiga picha za raga akiwa kando ya uwanja. Kwa paka wa South B, hapana. Nakisukuma hadi FULL na masharubu yanajitokeza moja moja.

Saa moja asubuhi niko karibu na mzunguko wa Nyayo, chini ya migunga inayolaliwa na yale makorongo makubwa yenye upara na mfuko shingoni. Watu wanayaona mabaya. Mimi leo nayaona ni ndovu wenye mabawa: makubwa, hayana haraka, hayalipishi kiingilio. Napiga sitini na kitu. Kwenye kioo kidogo cha kamera zote safi kabisa, nafurahi peke yangu kama mwehu. Kisha navuta picha moja kwa karibu. Bawa ni moshi. Ya pili moshi. Hata lile lililotulia kwenye tawi lina macho mawili kila upande.

Naangalia namba. 1/125, f/8: shata, yaani pazia la kamera, inafunguka kwa sehemu moja ya 125 ya sekunde, na f/8 ni upana wa tundu la lenzi.

Miaka kumi na mmoja nimepiga picha za pasipoti na familia studioni, na kwa miaka hiyo yote kasi ya shata haijatoka 1/125. Studioni haina shida, kwa sababu mwanga wa fleshi ndio unaogandisha mtu. Nje hakuna fleshi ya kuniokoa. Hesabu yake niliisoma zamani nikaiweka kabatini: kasi isipungue moja gawanya kwa urefu wa lenzi. Kamera yangu, Nikon D7200, ina sensa ndogo (kile kibao cha ndani kinachopokea picha), kwa hiyo 500 inazidishwa kwa 1.5, inakuwa 750. Basi ukishika kwa mkono bila kitulizi, 1/750 ndiyo sakafu, hata kwa ndege aliyesinzia. Ile VR, kitulizi kilicho ndani ya lenzi, inatuliza mkono wangu unaotetemeka. Bawa la korongo haliwezi kulituliza.

"Madam, hiyo ni kamera ama bazuka?" Ni soja wa geti la jirani. Namwonyesha picha. Anaitazama kwa muda, ananirudishia. "Haionekani vizuri." Asante, kaka.

Saa tatu hadi saa nane, studio, ghorofa ya pili, Tom Mboya Street. Siku ya kawaida: mama wa visa ya Marekani (mandhari nyeupe, inchi mbili kwa mbili, miwani itoke), mapacha waliokataa kukaa, kijana aliyetaka nimwongezee ndevu. Kati ya mteja na mteja napanga kamera. Gurudumu la juu lina nafasi mbili za mwenyewe, U1 na U2. U1 nimeipa wanyama waliotulia: 1/800, f/5.6. U2 ni ya wanaokimbia na wanaoruka: 1/2000, f/5.6. Zote mbili ni M, yaani napanga mwenyewe, lakini ISO, wepesi wa kamera kuhisi mwanga, naiachia kamera ijitafutie yenyewe, mwisho 6400. Mimi nachagua kasi na tundu, yenyewe inalipa deni la mwanga. Fokasi ni AF-C, inayomfuata anayesogea, nukta 9, na nimeihamishia kwenye kitufe cha kidole gumba, ile AE-L/AF-L, ili kidole cha shata kibaki na kazi moja tu.

Nikazima kamera nihudumie mteja. Nilipowasha, kazi yote imefutika! Kumbe kubadilisha hakutoshi; lazima uingie kwenye menyu uiambie ihifadhi. Nikaanza upya, safari hii nikisema kila hatua kwa sauti, na mteja aliyekuwa akijipaka poda akadhani naongea naye.

Saa sita na nusu nilikuwa nimepanda paa mara moja kujaribu. Juu ya mabati ya mtaa hewa inacheza kama maji ya ugali yanayoanza kuchemka, na kila kitu kilicho mbali ni laini laini. Nilibadilisha kila namba. Haikusaidia, na haitasaidia: huo ni moto wa ardhi. Amboseli, kwenye lile ziwa kavu, utakuwa mara kumi. Picha za mbali ni za asubuhi mapema. Jua likishapanda, nipige kilicho karibu au ninywe soda.

Saa tisa nafunga, nakwenda Arboretum, bustani ya miti ya jiji. Hapa ndipo siku inaponyooka. Kima wako juu ya matawi, kwenye kivuli kizito, na anga nyuma yao ni nyeupe. Picha ya kwanza: kima mweusi tii, hana uso. Kamera imeona anga ikaogopa. Naongeza mwanga hatua moja na theluthi, uso unatokea, ISO imeruka hadi 5000 na kuna chembechembe. Sijali. Chembechembe zinasameheka, ukungu wa mtikisiko hausameheki. Mtoto wa kima anaruka, nazungusha U2, nimechelewa. Anaruka tena, nimechelewa. Mara ya tano nampata hewani, vidole vimefumbuka, na nikavuta picha ile kwa karibu nikiwa nimefumba jicho moja kwa woga. Kila unywele uko mahali pake.

Mzee mmoja aliyekuwa akisoma gazeti kwenye benchi akaniuliza kama nimempata.

"Nimempata, mzee."

"Sasa mwache ale."

Saa kumi na moja na nusu jioni, duka la nafaka. Kilo tatu za wairimu, kwa sababu ni maharagwe madogo na yanajikunja vizuri chini ya lenzi. Fundi wa cherehani wa pale nje ananishonea mfuko wa jinzi kuukuu kwa muda wa kunywa chai. Utakaa dirishani mwa vani, lenzi juu yake, na binamu lazima azime injini. Lenzi haitatoka kwenye kamera siku nzima, vumbi la kule silitaki kwenye sensa. Kilimanjaro mzima nitaupiga kwa simu.

Saa tatu usiku stima imepotea mtaa mzima, afadhali. Nimekaa sakafuni na kamera mapajani, binti yangu kitandani anaita.

"Ndovu amelala!"

Kitufe cha katikati, bonyeza, zungusha.

"Chui anakimbia!"

Bonyeza, zungusha, gumba nyuma. Anawasha tochi ya simu aangalie. U1.

"Mama, chui ameenda."

"Zima hiyo tochi. Tena."