Gari limekufa, hesabu bado zinapigwa

Mnaoniuliza gari langu lililopata ajali limefikia wapi: limekufa. Si kwamba mafundi wameshindwa. Gharama ya kulitengeneza inakaribia thamani ya gari lenyewe, kwa hiyo kampuni ya bima imeona heri ilipe fidia na kuchukua mabaki.

Nikadhani kazi imeisha. Thubutu! Ofa ya kwanza ilikuja imekonda. Wanacholipa ni thamani ya gari sokoni muda mfupi kabla ya ajali, si bei niliyonunulia, na hilo sikulibishia. Nilichobishia ni gari walilolinganisha nalo: toleo la chini, tena limetembea kilomita nyingi kuliko langu. Nikaomba ripoti ya mkadiriaji kwa maandishi, nikakusanya matangazo ya magari ya aina na mwaka uleule, nikaambatanisha risiti za sevisi na picha za kabla ya ajali. Sauti kwenye simu ikalainika ghafla. "Tutaliangalia upya, mteja wetu." Haya.

Wakapandisha. Wamekata ile sehemu ya hasara ninayobeba mwenyewe, ni sawa, imo kwenye mkataba. Ila karatasi ya kukiri kwamba nimeridhika na sina dai tena nilikataa kuisaini mpaka kiasi kipya kiandikwe humo. Na kwa kuwa gari lina mkopo, benki inachukua chake kwanza, mimi naambulia kinachobaki.

Nasubiri hela iingie. Madalali wa magari, msinipigie kwanza.