Kupima miamba iliyo wazi kwenye kijito: na mapengo nayaandika

Kosa linaloharibu ramani nyingi za vijito ni kupita mita mia za mchanga na vichaka bila kuandika neno. Anayeisoma ramani baadaye hukuta sehemu tupu, asijue kama mwamba umefunikwa au mpimaji hakufika. Kwa hiyo kila pengo nalipa mwanzo, mwisho na sababu yake: mchanga, dimbwi refu, majani, udongo ulioporomoka. Katika vijito vingi kumbukumbu za mapengo huwa nyingi kuliko za miamba, na ndivyo inavyopaswa kuwa.

Naenda kiangazi, maji yakiwa yamepungua, tukiwa wawili: mmoja na dira na daftari, mwingine na utepe wa mita 50. Tunaanzia chini, kijito kinapoingia mtoni, tunapanda. Kokoto zote tunazozikanyaga zimesombwa kutoka juu, hivyo zinatupa habari kabla hatujafika. Kokoto nyeupe za kwazi (madini magumu, quartz kwa Kiingereza) zikionekana njia nzima kisha zikakoma, chanzo chake tumekipita, ama kiko kwenye kijito cha pembeni ambacho tumekiacha nyuma. Ndiyo maana kwenye kila maungio nasimama nikachambua kokoto za pande zote mbili.

Katika bonde jembamba siitegemei GPS peke yake. Setilaiti zinazoonekana ni chache na mawimbi hugonga kuta za bonde, kwa hiyo nukta inaweza kuruka zaidi ya mita kumi. Naitumia penye uwazi, hasa kwenye maungio. Katikati natumia utepe na dira, kisha narekebisha mchoro ukifika maungio yanayofuata. Kwa skeli ya 1:5,000, mita 50 ni sentimita moja na mwamba wa mita 5 ni milimita moja tu. Ulio mdogo zaidi naupa nukta.

Dira inataka nidhamu. Nyundo na simu zikae mbali nayo, na usomaji ufanywe kutoka ncha zote mbili za utepe. Namba hizo mbili zitofautiane kwa 180°. Tofauti hiyo ikiachana na 180° kwa zaidi ya 2°, kuna chuma karibu au mwamba wenyewe una sumaku, jambo la kawaida kwenye bazalti, mwamba mweusi wa volkano. Digrii 2 kwa mita 50 zinasogeza nukta zaidi kidogo ya mita 1.7, na makosa ya namna hiyo hujumlika.

Kazi ngumu zaidi ni kutambua kama jiwe ni mwamba mama, yaani ulio bado mahali pake pa asili, au ni bonge lililobingirika. Ukubwa hauthibitishi kitu. Mafuriko husukuma mabonge makubwa kuliko mtu. Nainama usawa wa maji nikatazama chini yake: kama kuna kokoto au uwazi ambao mkono unapita, limesogea. Kisha nafuata mpasuko mmoja kwa kidole mpaka jiwe la jirani. Mpasuko ukiendelea, na matabaka yakilala kwa mwinamo (pembe yanavyoinama kutoka usawa) uleule, naandika mwamba mama. Nikiwa na shaka naandika alama ya kuuliza, na pale sipimi mwinamo. Ngozi nyeusi ya manganizi na ukoga huyafanya mawe yote yafanane, kwa hiyo navunja kipande (miwani machoni!) nikakitazama kikiwa kibichi kwa lenzi ya 10x, inayokuza mara kumi.

Kwa kila mita 50 nakadiria asilimia ya mwamba ulio wazi mara tatu: ukingo wa kushoto, kitanda cha kijito, ukingo wa kulia. Kushoto na kulia huhesabiwa ukitazama maji yanakoelekea. Sisi tunapanda, kwa hiyo ukingo ulio upande wa mkono wangu wa kulia ndio wa kushoto. Kuzichanganya pande hizi hugeuza ramani nzima, ndiyo maana nachora mshale wa maji juu ya kila ukurasa.

Asilimia hizo zisichukuliwe kuwa ndizo kiasi cha miamba ya eneo. Mwamba mgumu hujitokeza kwenye maporomoko. Ulio laini hulala chini ya madimbwi na mchanga. Pia kijito hupenda kufuata mpasuko au tabaka dhaifu, hivyo kinaweza kutembea kilomita nzima juu ya tabaka moja. Kikikata matabaka kwa pembe mraba kwenye kitanda tambarare, unene halisi ni umbali ukizidishwa kwa sine ya mwinamo: mita 40 zenye mwinamo wa 30° ni mita 20 za unene.

Sampuli naiandika namba kwenye jiwe lenyewe, na karatasi ya penseli naiweka ndani ya mfuko, kwa sababu wino kwenye jiwe lililolowa hufutika kabla ya kufika nyumbani.