Toka kabla ya kifungua kinywa

Nimeshalala kwenye nyumba nyingi za kijijini, zile za mtu mwenye vyumba vitatu vinne anakupa kitanda na asubuhi anakuandalia chai, na karibu kila mara naona wageni wenzangu wanafanya kitu kilekile ambacho kinaniuma. Wanafika jioni wamechoka na safari, wanalala, wanaamka saa mbili, wanakula taratibu, halafu saa nne jua limeshakolea ndo wanauliza eti hapa kuna nini cha kuona. Saa nne! Nusu nzuri ya siku imeshaondoka.

Mi nasema toka kabla ya kifungua kinywa. Tembea kwa muda wa saa moja tu, kwa miguu, gari liache palepale lilipo. Alfajiri upepo umelala kwa sababu ardhi bado haijapata joto la kuusukuma, kwa hiyo sauti inafika mbali, na ndege wanalijua hilo, ndo maana kelele yote ile wanapiga muda huo, kwa aina nyingi ni madume yanatangaza mipaka yao na kuita majike kabla wadudu hawajachangamka na kazi ya kutafuta chakula haijaanza. Ukitoka saa tatu utasikia wawili watatu tu wanaitikiana kwenye kivuli.

Halafu angalia chini. Jua likiwa bado limelala upeoni mwanga unapita pembeni, kila alama kwenye tope inaonekana na kivuli chake, unyayo ambao mchana ungeukanyaga bila kujua unauona mpaka kucha. Kuna siku nilikuta utando wa buibui umekatiza njia nzima kutoka kichaka hadi kichaka, usawa wa kifua, umejaa umande kila uzi una vitone vyake kama shanga, na nikajua hakuna mtu aliyepita hapo tangu jana usiku. Nikainama nikapita chini yake. Buibui mwenyewe alikuwa katikati, hakutikisika hata kidogo.

Sasa hili linataka maandalizi usiku uliotangulia, na maandalizi yenyewe ni kuongea na mwenye nyumba. Usimuulize kuna nini cha kuona, maana atakutajia yale ambayo kila mgeni anatajiwa. Muulize yeye mwenyewe akitaka kunyoosha miguu anapita wapi. Hapo ndo utaambiwa shamba lipi lina njia ya watu wote na lipi mpaka uombe ruhusa, geti gani ulikute limefungwa na uliache limefungwa, wapi kijito kinajaa ghafla mvua ikinyesha huko juu hata kama ulipo wewe ni kukavu kabisa. Mara ya mwisho nilimwambia mama mwenye nyumba, "Mama, naomba kesho nitoke saa kumi na moja na nusu, chai nitakunywa nikirudi." Akanijibu, "Haya mwanangu, flaski nitakuwekea mezani, na mbwa nitamfunga, ila niambie unaelekea upande gani." Mwambie kila kitu, upande, njia na saa ya kurudi, usione kama anakuchunguza.

Maana mimi hilo liliniokoa. Siku ya pili pale nyumbani kwake nilitoka mchana kupanda kilima, kwenye simu nikaona kwenda na kurudi ni kilomita 9, nikapiga hesabu ya haraka kwamba saa mbili zinatosha. Sikuangalia mlima unapanda kiasi gani. Kuna kanuni ya zamani ya mpanda milima wa Uskoti, William Naismith, aliitoa mwaka 1892 na watu wa milimani bado wanaitumia: kilomita 5 kwa saa, halafu ongeza saa 1 kwa kila mita 600 unazopanda. Kile kilima kilikuwa na mita 600 za kupanda, kwa hiyo ni karibu saa tatu, na hapo hujapumzika, hujapiga picha, hujakaa kufunga kidole kilichoanza kuchubuka (kidole kikianza kuwaka moto ndani ya buti simama hapohapo ukifunge, usisubiri lengelenge). Juu kule baridi nayo ilinishika, kwa kawaida joto hupungua kama nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000, kwa hiyo mita 600 ni karibu nyuzi 4, ukichanganya na jasho na upepo unatetemeka, na sweta nilikuwa nimeliacha kitandani.

Giza likanikuta bado niko njiani, simu imebaki chaji kidogo, natembea polepole naogopa kuteguka. Nilipoikaribia nyumba nikaona mwanga unakuja, ni yule mama na tochi, alisema nilimwambia saa kumi na mbili na sasa imepita, kwa hiyo alikuwa anakuja njia ileile niliyomtajia. Sitausahau ule mwanga. Siku hizi naangalia jua kwa vidole, unanyoosha mkono mbele, unahesabu vidole vinavyoenea kati ya jua na upeo wa macho, kila kimoja ni kama dakika 15 hivi, bila kulikodolea jua lenyewe. Ukiwa mbali sana na ikweta hesabu inayumba, lakini itakuambia kama ni muda wa kugeuza.

Tulivyofika nikamuomba tusiingie ndani kwanza. Watu wanalipia malazi kijijini halafu usiku wanafunga pazia, wakati anga lenyewe liko juu ya bati. Macho yanataka dakika 20 hadi 30 gizani ndo yazoee vizuri, na ukiwasha simu mara moja tu unaanza upya, kama lazima uone kitu tumia tochi ya mwanga mwekundu. Akazima taa ya barazani, akavuta viti viwili, tukakaa kimya. Baada ya muda Kilimia kikaonekana, kile kikundi kidogo cha nyota kilichobanana. Nikamwambia asikitazame moja kwa moja, atupe jicho pembeni kidogo, kwa sababu sehemu ya jicho inayoona vizuri gizani haiko katikati. Akanyamaza, akahesabu kwa vidole mapajani. Mimi nilipata sita. Yeye alipata saba, akanionyesha ya saba ilipo.