Punda milia wa Kuumbi

Pango la Kuumbi lipo maweni, nyuma ya Jambiani, na kwa sisi watu wa kusini Unguja lilikuwa mahali pa mizimu zamani kabla watalii hawajalijua. Wanaakiolojia walipochimba sakafu yake walikuta mifupa ya punda milia na nyati. Hapa hapa kisiwani! Wanyama hao hawakupakiwa jahazini. Walikuja kwa miguu.

Miaka kama 21,000 iliyopita, enzi ya barafu ya mwisho ilipofika kileleni, maji mengi yalikuwa yameganda juu ya Canada na kaskazini mwa Ulaya, na bahari ilikuwa imeshuka mita kama 120. Mkondo ulio kati yetu na Bagamoyo hauna kina hicho, kwa hiyo ulikuwa nchi kavu. Pemba ilibaki kisiwa, maana bahari yake ina kina cha mamia ya mita. Ndiyo maana chui na kima punju walikuwa wa Unguja. Punju walioko msitu wa Ngezi, Pemba, walipelekwa na watu miaka ya 1970.

Anayenigusa zaidi katika habari hii ni James Croll, Mskoti aliyeacha shule mdogo, akaajiriwa kutunza jengo la chuo kimoja Glasgow na kujisomea vitabu vya humo. Mwaka 1864 aliandika kwamba enzi za barafu hutokana na mabadiliko ya njia ya dunia kulizunguka jua. Baadaye Milutin Milanković, Mserbia, akaikamilisha hesabu: jua la kiangazi likipungua nguvu kaskazini, theluji ya mwaka huu haiishi, na ya mwakani inalala juu yake.

Baina ya enzi hizo huja vipindi vya joto. Sisi tumo katika kimoja, kina miaka kama 11,700. Kilichotangulia kimo ukutani kwa bibi, Makunduchi. Palipobanduka lipu, ukipitisha kidole unavigusa vijishimo na mistari ya matumbawe. Mwamba mwingi wa namna hii katika pwani yetu uliota miaka kama 125,000 iliyopita, bahari ikiwa mita 6 hadi 9 juu ya ilipo leo.

Viputo vya hewa ya kale katika barafu ya Antaktika vinaonyesha hewa ukaa, ile inayozuia joto la dunia lisitoke, ilikuwa sehemu 180 hivi kwa milioni nyakati za baridi, na 280 nyakati za joto. Sasa imepita 420, kwa makaa na mafuta tunayochoma wenyewe. Barafu ya Greenland peke yake, ikiyeyuka yote, itainua bahari mita 7. Nikivifikiria visima, misikiti na makaburi yaliyo chini ya urefu huo kutoka Jambiani hadi Makunduchi, naingiwa na hofu ya kweli.