Simu italia, sawa. Ila nani anabonyeza?

Kila serikali ikitangaza jaribio la tahadhari ya dharura kwenye simu, vituko ni vilevile. Kuna wa kulalamika kwamba mtoto ameshtuka usingizini, kuna wa kuuliza wanaizimaje, halafu kuna wale wa nadharia zao. Marekani walipojaribu nchi nzima tarehe 4 Oktoba 2023 habari ilisambaa eti ile sauti itaamsha kitu ndani ya miili ya waliochanjwa, wengine wakafika mpaka kwenye mazombi. Muda ukafika, simu zikalia, watu wakarudi kazini kwao.

Mi kelele hazinisumbui kabisa, zilie tu. Kinachonisumbua ni kwamba jaribio linapima simu, wakati majanga mengi ya miaka hii simu haikuwa ndiyo tatizo.

Kwanza tuelewane hii kitu inafanyaje kazi manake wengi wanadhani ni SMS. Siyo. SMS inatumwa namba kwa namba, ukitaka kuwafikia watu milioni moja mtandao unaelemewa na wengine wanaipata maji yameshaingia sebuleni. Hii ya dharura mnara unairusha kama redio, haujui namba yako wala jina lako, simu yoyote iliyo eneo lile na ina uwezo huo inaidaka na kupiga kelele hata ukiwa umeiweka silenti. Kwa hiyo ile hofu ya kwamba serikali inakufuatilia kupitia jaribio, hapana, kwa njia hii hata haijui kama umeipata.

Na majaribio yana faida sana, hasa yakifeli. Ujerumani tarehe 10 Septemba 2020 walifanya siku yao ya kujaribu ving'ora na apu za simu, mambo yakaharibika, taarifa za kwenye apu zikachelewa kama nusu saa kwa sababu vituo vingi vilituma kwa mpigo mfumo ukazidiwa, na miji mingine hata ving'ora vilikuwa vimeshaondolewa zamani. Wizara yenyewe ikakiri jaribio limefeli na mkuu wa taasisi husika akaondolewa. Uingereza nao tarehe 23 Aprili 2023, wateja wengi wa kampuni moja ya simu hawakupata kitu, na kwenye meseji ya Kiwelsh neno moja likakosewa likawa jina la sehemu ya kuteleza kwenye theluji huko Slovenia 😂. Tucheke lakini ndiyo kazi ya jaribio hiyo, bora likosewe siku ya jua.

Shida ya Ujerumani ni kilichofuata. Julai 2021, hata mwaka haujaisha tangu lile jaribio, mafuriko yakapiga bonde la Ahr na maeneo mengine, watu zaidi ya 180 wakafa, na ile teknolojia ya kurusha tahadhari kutoka kwenye minara ilikuwa bado haijawekwa. Ilianza rasmi Februari 2023. Yaani ugonjwa waliuona 2020, dawa ikaja baada ya msiba. Na hata hapo 2021 utabiri wa mvua kubwa ulikuwepo siku kadhaa kabla, kwa hiyo siyo kwamba wataalamu walikuwa wamelala.

Sasa nije kwenye hoja yangu. Hispania walishajaribu mfumo wao wa tahadhari kwenye simu, ES-Alert, mwaka 2022, simu zililia vizuri tu. Halafu tarehe 29 Oktoba 2024 mvua ya Valencia, idara yao ya hali ya hewa ikatoa onyo jekundu tangu asubuhi, unajua tahadhari ilifika kwenye simu saa ngapi? Saa 2 na dakika 11 usiku. Watu walishakwama kwenye magari na gereji za chini ya ardhi, walishafariki. Mkoa wa Valencia peke yake waliokufa ni zaidi ya 220. Mfumo ulikuwa mzima, minara ilikuwepo, utabiri ulikuwepo, ila katikati kulikuwa na binadamu kwenye kikao wanajadiliana watume au wasitume na waandike maneno gani.

Lahaina, mji wa kisiwa cha Maui huko Hawaii, ndiyo inaniuma zaidi. Hawaii ving'ora vyao vinajaribiwa kila mwanzo wa mwezi, wamezoea kabisa. Tarehe 8 Agosti 2023 moto ukala mji, wakafa watu zaidi ya 100, na ving'ora havikulia hata kimoja. Mkuu wa dharura wa kaunti ya Maui alieleza kwamba waliogopa watu wangedhani ni tsunami wakakimbilia upande wa mlimani ambako ndiko moto uliko. Kesho yake baada ya maelezo hayo akajiuzulu. Ukifikiria, hoja yake siyo ya kijinga sana, lakini basi kwa nini miaka yote hiyo ya kujaribu ving'ora hakuna aliyekaa akauliza kwamba moto ukitokea hiki king'ora kina maana gani kwa mwananchi?

Na hofu nyingine ni ya kukosea. Hawaii hiyohiyo tarehe 13 Januari 2018 mfanyakazi mmoja katikati ya zoezi alituma kweli meseji ya kwamba kombora linakuja na hili siyo zoezi. Ilichukua dakika 38 kutuma ya kukanusha kwenye simu, manake hawakuwahi kuandaa ujumbe wa kufuta! Gavana alisema baadaye alichelewa kuandika Twitter kwa sababu hakukumbuka maelezo ya kuingia kwenye akaunti yake. Ofisa yeyote akikumbuka sakata lile mkono unakuwa mzito, na mkono mzito kwenye mafuriko ni vifo.

Kwa hiyo jaribio la maana lingepima na ule muda kati ya mtaalamu kusema hatari ipo na mtu kubonyeza. Nani ana ruhusa? Akiwa ndani ya ndege nani anashika? Meseji zimeshaandikwa au wataanza kubishana koma? Na mwananchi akishaisoma aende wapi, manake meseji ya "tafuta mahali salama" bila kutaja mahali ni kutishana tu.

Bangladesh walilielewa hili kabla hata simu za mkononi hazijawa kitu. Kimbunga cha Novemba 1970 kiliua watu wanaokadiriwa laki tatu na zaidi, mwaka 1972 ukaanza mpango wa kujitolea, watu wa vijijini wenyewe na vipaza sauti na bendera, bendera zikiongezeka watu wanajua hatari imepanda, na baadaye majengo ya kukimbilia yakaongezeka. Leo wana zaidi ya 70,000 wa kujitolea. Kimbunga Amphan kilipokuja Mei 2020, katikati ya korona, walihamisha watu zaidi ya milioni 2 na waliokufa nchini humo hawakufika mia. Mtu anagongewa mlango na jirani anayemjua, anaambiwa twende pale, na pale papo kweli.

Basi jaribio lijalo, popote lilipo, wakija kutuambia asilimia ngapi ya simu zimelia, waandishi waulize hilo lingine pia, tangu wataalamu waseme mpaka kitufe kibonyezwe zilipita dakika ngapi, na nani alikuwa zamu.