Simu ya dada ilikuwa ikiwekwa spika

Kila nikimpigia dada yangu, simu iliwekwa spika. Shemeji alikuwa papo hapo, mchangamfu, akitania kuliko sisi wenyewe. Nauli dada alipewa kwa hesabu, na chenji ilirudi mezani. Akichelewa kazini alipiga simu kueleza. Jicho lililovimba hatukuliona, maana halikuwepo.

Mambo yalifumuka kliniki. Sauti ilikuwa imemkauka na kumeza kulimtaabisha. Sisi tulikuwa tumeambiwa ni mafua. Daktari akamwomba shemeji asubiri nje, kisha akauliza bila kuzunguka: "Kuna mtu amekukaba koo?"

Mtu anaweza kukabwa hadi karibu kuzimia na shingo isibaki na alama yoyote. Sauti hukwaruza, kichwa huuma, na mshipa wa damu uliochanika kwa ndani unaweza kuleta kiharusi siku kadhaa baadaye. Tena aliyewahi kukabwa na mwenzi wake yumo katika hatari kubwa zaidi ya kuja kuuawa na huyohuyo. Baada ya kulijua hilo, sina subira na anayeniambia ni ugomvi wa mke na mume.

Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa karibu mwanamke 1 kati ya 3 duniani amewahi kupigwa au kuingiliwa kwa nguvu, mara nyingi na mwenzi wake. Hesabu hiyo haigusi spika wala chenji. England na Wales waliligusa hilo mwaka 2015, kumtawala mwenzi namna hiyo kukawa kosa la jinai.

"Si angeondoka tu?" Nimeulizwa hivyo na watu wenye akili zao. Hatari hupanda hasa mtu anapoondoka. Dada alitoa vyeti vyake kimoja kimoja, akavihifadhi kwa mwenzake wa kazini, akaondoka siku ya kawaida kabisa, na mwanawe na mkoba wa kazini tu.

Sasa anaishi kwangu. Bado hulala kwa vipande, na huniomba ruhusa ya kuoga. Mlango ukibamizwa na upepo, mwanawe hukimbilia kuokota vitu vyake sakafuni. Wiki iliyopita nilisahau kumchukua dada kazini, akanifokea njia nzima, kwa sauti ya juu, bila kuangalia nyuma. Nikamwacha afoke.